Nilidhani mama yangu ni Nagina

Basi bwana, kuna jambo nimekaa nalo moyoni miaka kibao, na mwenyewe mhusika nilimwambia mwaka jana tu. Nilipokuwa na umri wa miaka 11 nilikataa kula chakula cha mama yangu mzazi siku nne mfululizo. Sikuwa naumwa wala sikuwa nadeka. Nilikuwa naogopa. Niliamini kabisa kwamba mama yangu ni nyoka.

Cheka tu, ruksa. Lakini ngoja nikuhadithie yote halafu uone kama utaendelea kucheka.

Kwetu ni Masoko, Rungwe. Usidhani nazungumzia masoko ya kuuzia nyanya, hilo ni jina la mahali, unatoka Tukuyu mjini unashuka kidogo kwenye migomba na kahawa. Pale kuna ziwa ambalo wenyeji wanaliita Kisiba, limekaa ndani ya shimo la volkano, duara kama sahani ya chai. Jirani yake kuna jengo la Wajerumani, ambao walikuwa na kambi ya jeshi pale kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Baadaye likawa mahakama. Wazee wanasimulia kwamba Mjerumani alipoona mambo yanamwendea kombo alitupa hela na silaha zake ziwani, asije akaacha kitu kwa Mwingereza. Mimi na wenzangu tulikatazwa kuchezea pale jioni. Sababu hatukupewa, na ukiwa mtoto ukinyimwa sababu unajitungia mwenyewe.

Ongeza na ukungu. Ongeza na mvua, maana Tukuyu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kupita zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mtengeneza picha za kutisha akija kwetu hana haja ya kubeba mashine ya moshi. Anasubiri saa kumi na mbili jioni, basi, kazi imekwisha.

Baba alifariki mwaka 1994, ghafla. Alirudi kutoka shamba akasema kichwa kinamuuma, kesho yake hayupo. Alimwacha mama na watoto wanne, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati, shamba la kahawa na ng'ombe wawili. Mimi ndiye mkubwa.

Mtu mzima wa kwetu akifa ghafla hivyo, mazishi yanakwisha lakini maneno hayaishi. Na maneno hayo ni ya siku nyingi. Yule mama mtafiti, Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake mwaka 1951, aliandika kwamba watu waliamini mchawi ana chatu tumboni mwake, anayetoka usiku kwenda kutafuta nyama na maziwa kwa watu. Chatu, tumboni. Kitabu sikuwahi kukiona nikiwa mdogo, lakini habari ya nyoka wa tumboni nilikuwa nayo kabla sijajua jedwali la tatu. Shangazi zangu walipokuwa wanateta jikoni, neno hilo lilikuwa likipita pita.

Sasa katikati ya msiba ule, jamaa mmoja akaleta deki, televisheni ndogo na jenereta pale Masoko. Akafunga turubai, akaweka mabenchi, kiingilio shilingi 50. Na picha aliyoanza nayo ilikuwa Nagina.

Waliozaliwa juzi hawawezi kuelewa Nagina ilikuwa nini. Ilitoka India mwaka 1986, mwanadada Sridevi ndiye steringi, na ikapita katika mabanda ya video ya Bongo kama moto wa nyika. Sridevi ni jini nyoka aliyejigeuza mwanamke, akaolewa na kijana wa nyumba ya kitajiri. Anaishi vizuri na mumewe, anamheshimu mkwe, anapendeza hadi basi. Tatizo linaanza anapofika yule mganga wa nyoka, Amrish Puri na macho yake yale. Anamwambia mama mkwe: huyu mkamwana wako siyo mtu. Siku moja mume hayupo, mganga anapiga zumari lake pale sebuleni, na mwanamke wa watu anacheza na kuhangaika, anataka kujizuia lakini hawezi, macho yamebadilika rangi.

Mkalimani wetu alikuwa kijana aliyekaa Dar miezi mitatu akarudi na suruali pana. Kihindi alikuwa hajui hata neno moja, lakini nani alijali? Palipofika pale pa zumari alisimama juu ya benchi akatangaza: "Huyu mwanamke ndiye anayewamaliza watu kwenye ukoo huu! Mnamwona? Mnamwona?" Banda zima likaitika kwamba linamwona. Na mimi nikaitika.

Ile siyo maana ya Nagina, niliijua baadaye nilipoitazama upya ukubwani. Kwenye picha yenyewe yule nyoka ndiye anayempenda mume na kumlinda, na mbaya ni mganga. Lakini nani angenieleza? Nilitoka pale nikapanda kilima gizani nikiwa na akili moja tu. Mjane. Mume amekufa. Macho mekundu. Mkwe hamtaki. Nyumbani kwetu palikuwa na mtu wa namna hiyohiyo, na ndiye aliyekuwa ananipikia.

Macho mekundu! Jikoni kwetu kulikuwa na mafiga matatu na kuni mbichi za masika, mama alikuwa analia mchana kwa moshi na usiku kwa msiba, macho yangekuwa ya rangi gani? Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho hayohayo, tangu zamani, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika habari za mauaji ya namna hii katika ripoti zake mwaka baada ya mwaka. Mwanamke anapika miaka 50 kwenye moshi ili watu wale, halafu moshi uleule unakuwa ushahidi dhidi yake. Hakuna picha ya Hollywood iliyowahi kunitisha kama hiyo.

Basi nikaanza kumlinda mama. Siyo kumlinda ili asidhurike, nasema kumpeleleza. Mbalaga akipika sili, nasema tumbo linauma, nakwenda kuchuma mapera kwa jirani. Usiku nalala jicho moja wazi. Na kweli, usiku wa tatu nikamsikia anafungua komeo taratibu, anatoka. Nikachungulia kwenye upenyo wa dirisha. Mama anaingia migombani. Alikaa huko muda mrefu, akarudi, akalala. Usiku wa nne hivyohivyo. Mwenzenu nikajua nimekwisha.

Hapo ndipo ukoo ulipoleta mganga.

Sitamtaja, na ukoo wenyewe ni wangu, nitataja nani? Waliingia Jumamosi asubuhi, baba wakubwa, baba wadogo, shangazi wawili na yule mzee na mkoba wake. Mama akawekwa uani kwenye kigoda, kitenge begani. Mganga akazunguka nyumba mara tatu. Akachimba kwenye kona ya jiko akatoa kipembe cha mnyama kimefungwa kitambaa cheusi, watu wakaguna. Hakuwa na zumari, lakini mimi nililisikia. Halafu akaniita. Akaniuliza kwa upole sana, kama mwalimu wa dini: "Mwanangu, usiku mama yako huwa anatoka?"

Nikasema: "Ndiyo. Anatoka."

Naomba niachie hapo kwanza. Nikiifika hiyo sehemu huwa sina la kuongeza.

Nilipokua, nikaja Dar, nikapata kazi, nikawa mgonjwa wa picha za kutisha. Wenzangu wanaangalia za mapenzi, mimi natafuta nyumba yenye mlango unaolia. Nadhani nilikuwa najitafutia kesi yangu mwenyewe, maana ukiziangalia kwa makini utagundua nyingi hazihusu mazimwi. Zinahusu mama na nyumba.

Chukua Rosemary's Baby ya mwaka 1968. Mwanamke mjamzito, ghorofani New York. Majirani wazee wanamletea kinywaji kila siku wanasema kizuri kwa mtoto. Mumewe anasema kunywa. Daktari anasema kunywa. Kila mtu ana neno juu ya lile tumbo isipokuwa mwenye tumbo. Anamkimbilia daktari mwingine, anamweleza yote, na yule daktari anawapigia simu haohao anaowakimbia waje wamchukue. Damu karibu haimwagiki, lakini kama umewahi kuzaa ukiwa chini ya uangalizi wa mawifi, hutalala siku hiyo.

Au Child's Play, 1988, ile ya mdoli Chucky ambayo watoto wa uswahilini walikuwa wanaigiza. Tunamkumbuka mdoli na kisu chake, tunamsahau mama. Mama anafanya kazi dukani, hana mume, hela ya mdoli wa dukani hana, ananunua kwa machinga ili mwanawe afurahie siku ya kuzaliwa. Mtoto anasema mdoli anaongea, hakuna anayemwamini. Halafu mama anashika boksi, betri zinadondoka. Mdoli ameongea siku zote na betri hazijawahi kuwekwa. Ukitaka kujua picha ya kutisha ni nini, ni ule mlio wa betri zikigonga sakafu.

Wahindi nao hawakuishia kwenye nyoka. Purana Mandir ya ndugu wa Ramsay, mwaka 1984, ina laana kwamba kila mwanamke wa ukoo ule atakufa akijifungua. Na sisi tulikuwa nazo zetu. Kule kwetu zamani mapacha wakizaliwa haikuwa kigelegele. Wilson ameandika kwamba wazazi wao walitengwa hadi wafanyiwe dawa, kwa sababu waliogopwa kwamba watadhuru watu na mifugo. Mwanamke ametoka kuzaa wawili, hajapumzika, kijiji kinamkimbia. Mwandishi wa picha angelipwa mamilioni kwa wazo kama hilo.

Hata picha za kutisha za Kibongo zilipoanza, miaka ya mwanzo ya 2000, Mussa Banzi alitoa moja inaitwa Nsyuka. Nilipoona jina nilishtuka, hicho ni Kinyakyusa kabisa, nsyuka ni mtu aliyekufa akarudi. Kisha akaja na Shumileta, jini mwanamke anayempenda binadamu. Nikasema haya, Sridevi amehamia Bongo. Mwanamke mzuri asiye na ndugu wanaojulikana, kwenye picha zetu, bado ni wa kupimwa kwanza.

Sasa mwaka jana mama alikuja Dar kutibiwa miguu. Anakaa kwangu Tabata, ni bibi sasa, wajukuu wanamzonga kutwa. Usiku mmoja watoto wamelala, umeme upo, nikamwekea The Babadook, picha ya Australia ya mwaka 2014, iliyotengenezwa na mwanamke, Jennifer Kent. Sikuichagua kwa bahati mbaya. Inahusu mjane. Mumewe alikufa kwenye ajali akimkimbiza hospitali kujifungua, kwa hiyo siku ya kuzaliwa ya mtoto ndiyo siku ya msiba. Mtoto anakaribia miaka saba, analia na kupiga kelele usiku, mama hapati usingizi, na kuna dubwana jeusi limetoka kwenye kitabu cha hadithi. Kadiri picha inavyokwenda, huyo mama mwenyewe ndiye anayeanza kutisha.

Safari hii mkalimani nilikuwa mimi. Mama amekaa kwenye kochi na blanketi la Kimasai, anauliza maswali kama hakimu. Huyo baba alikufa na nini? Ndugu wa mume wako wapi? Mbona hawaji? Nikamwambia Wazungu hawana mambo hayo. Akasema, "Basi ana bahati."

Nikamuuliza lile swali ambalo kila mtu humuuliza steringi akiwa kwenye kochi: "Sasa mama, kwa nini haondoki kwenye hiyo nyumba?"

Mama akanitazama kama vile sijasoma.

"Aende wapi?"

Nikanyamaza.

"Ana mtoto. Vitu vya mume viko chini kule kwenye stoo. Akitoka, nani ataingia?" Akasogeza blanketi. "Mimi waliponiambia niondoke niliwaambia nitaondoka ng'ombe wakishakuzaa nyinyi. Wakachukua ng'ombe. Wakachukua na kahawa. Nyumba nikakaa nayo."

Sheria nilikuja kuijua baadaye. Kanuni za mila za urithi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema mjane hana fungu katika urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake, zikasema, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Wajane wawili walizipeleka Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba zinabagua lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikaiambia Tanzania kwamba wajane wale walinyimwa haki zao. Mama yangu hakujua lolote kati ya hayo. Yeye alijua kwamba ukitoka nje na mlango ukafungwa nyuma yako, umekwisha. Kwa hiyo hakutoka. Wakaja na mganga, hakutoka. Wakakaa miaka miwili bila kumsalimia, hakutoka.

Nikasimamisha picha. Dubwana likabaki limening'inia kwenye dari. Nikamwambia yote, Nagina, banda la video, mapera, zile siku nne. Halafu nikamwambia kuhusu lile jibu langu, kwamba mimi ndiye niliyesema anatoka.

"Najua," akasema. "Si nilikuwa nimekaa pale pale?"

Nikaanza kulia, mtu mzima na watoto wangu wawili. Nikamuuliza usiku ule alikuwa anakwenda kufanya nini migombani.

"Kulia. Ndani mngenisikia." Kisha akaongeza, kwa sauti ileile ya kawaida: "Na ningekuombea useme hivyohivyo. Ungesema hatoki, yule mzee angekuuliza umejuaje. Angesema huwa unatoka na mimi. Wewe ndiye mtoto wangu wa kike mkubwa, walikuwa wanakutazama. Ulivyosema ndiyo, nikashukuru Mungu, nikajua wewe wamekuacha."

Miaka yote hii nilidhani nilimuuza. Yeye amekaa akidhani nimeokoka.

"Na chakula?" nikauliza. "Hukuona kwamba sili?"

"Niliona. Mapera yule jirani ulidhani alikuwa anakupa bure? Nilikuwa nampelekea unga."

Tukakaa. Nje mlinzi alikuwa anapiga redio yake. Mama akaniambia chai imepoa, nikaenda kuipasha, niliporudi akauliza mbona picha imesimama, tumelipia umeme wa nini. Nikaiachia.

Mwisho wa The Babadook mjane halifukuzi lile dubwana, halitoki. Linakaa chini stoo, na siku ya kuzaliwa ya mtoto wanachimba bustanini, anaokota minyoo kwenye bakuli, anashuka nayo, analilisha, anapanda tena juu kwa mtoto wake.

"Anampa nini?" mama akauliza.

"Minyoo."

"Kila siku?"

"Nadhani kila siku."

Akaguna kidogo, akanyoosha miguu yake mibovu juu ya kigoda.

"Siyo gharama kubwa," akasema. "Mwambie tu huyo mtoto anawe mikono kabla hajakata keki."